Morgan mia kwa dola moja ya 1799: hesabu ya pande mbili

Kila bei ya fedha inapopanda, wakusanyaji wa sarafu za Marekani hurudia swali lile lile. Mtu ana sarafu mia moja za Morgan (dola za fedha za zamani za Marekani) za miaka isiyo adimu, zimepangwa kwenye mirija ya plastiki. Muuzaji anamwambia: nipe zote, uchukue sarafu moja ya dola iliyopigwa 1799. Akubali? (Humu "fedha" ni madini. Za kulipia tutaziita pesa.)

Wengine wanamhimiza akubali mara moja, kwa kuwa Morgan zimejaa kila duka na dola ya karne ya 18 haipigwi tena. Wengine wanamwonya asithubutu kuweka mali yake yote ndani ya kipande kimoja cha chuma. Sisi tunaona mabadilishano haya yanaweza kuwa mazuri sana, ila lazima yahesabiwe kama mauzo mawili yanayofanyika mezani kwa wakati mmoja, kila moja na bei yake ya pesa taslimu. Anayehesabu sarafu kwa sarafu anaweza kupoteza theluthi ya mali yake bila kujua imepotelea wapi.

Tuanze na kilichomo ndani. Dola ya Morgan ilipigwa kuanzia 1878 hadi 1904, kisha tena 1921. Ina gramu 26.73, na asilimia 90 yake ni fedha. Dola ya 1799 ina gramu 26.96, lakini fedha yake ni asilimia 89.24. Ukizidisha, zote mbili zinakupa gramu 24.06 za fedha tupu, yaani wakia 0.7734 za troi, kipimo cha madini ya thamani. Hii si bahati: kiasi cha fedha tupu kilichowekwa na sheria ya sarafu ya Marekani ya 1792 hakikuguswa sheria ilipobadilishwa 1837. Kilichopunguzwa ni shaba tu.

Kwa hiyo anayetoa Morgan mia anatoa wakia 77 za fedha na kupokea pungufu ya wakia moja. Wakia 76 na zaidi ananunulia uhaba na historia. Swali la kweli ni kama uhaba huo upo, na kama unafikia bei hiyo.

Upo, na sababu zake zinajulikana. Dola za mwanzo za Marekani hazikukaa nchini. Wafanyabiashara walizipeleka visiwa vya Karibi, wakazibadilisha na dola za Kihispania zilizokuwa nzito kidogo, wakarudi na hizo na kutaka zigeuzwe dola mpya. Nyingi zilizotoka ziliyeyushwa. Serikali ilichoka kupigia watu wengine sarafu, na baada ya 1804 kazi hiyo ikasimama. Dola chache zilipigwa tena 1836, na upigaji wa kawaida ulirudi 1840. Kumbukumbu za kiwanda cha Philadelphia zinaonyesha dola 423,515 kwa mwaka 1799. Zilizobaki leo ni sehemu ndogo mno ya hizo.

Jambo la pili linalowapa nguvu wanaounga mkono ni kwamba uhaba huu haujifichi kwenye ghala la serikali. Dola ya Morgan ya 1903 iliyopigwa New Orleans ilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa zilizo adimu kabisa. Mwaka 1962 Hazina ya Marekani ikaanza kutoa magunia yaliyokuwa yamefungiwa tangu zamani, humo zikatoka 1903 za New Orleans kwa wingi, na bei ikaporomoka. Dola za 1799 hazina magunia ya namna hiyo.

Hata hivyo wanaopinga wana jibu zuri. Katika familia ya dola za mwanzo, 1799 ndiyo ya kawaida kuliko karibu zote. Umaarufu wa familia hiyo umebebwa na ndugu zake wakubwa. Dola ya 1794, ambayo zilitolewa 1,758 tu, iliuzwa mnadani Januari 2013 kwa zaidi ya dola milioni 10. Nyingine ni ile inayosomeka 1804, ambayo kwa kweli ilitengenezwa miaka ya 1830 ili iwekwe kwenye seti za zawadi kwa watawala wa Asia na Uarabuni. Seti mojawapo ilipelekwa na mjumbe Edmund Roberts mwaka 1835 kwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Zanzibar. Sarafu inayohusishwa na zawadi hiyo iliuzwa Agosti 2021 kwa dola milioni 7.68. Msomaji wa pwani ana haki ya kuijua habari hiyo, maana ni sehemu ya historia yake. Lakini isimpandishie bei ya 1799. Sarafu ya 1799 huonekana karibu katika kila mnada mkubwa wa sarafu za Marekani. Ni ghali na ni nzuri, lakini haikimbii. Muuzaji akikwambia uamue leo hii, jua kwamba hoja hiyo haitokani na uhaba.

Sasa pesa. Tuchukue bei za mfano, si za soko la leo: fedha dola 30 kwa wakia. Morgan iliyochakaa ina fedha ya dola 23.20. Muuzaji anaiuza 35 na anaipokea kwa 28. Dola ya 1799 ya hali ya kati anaiuza 2,800, na akiletewa na mtu anainunua 2,300. Kwa bei hizo Morgan mia zinatosha kabisa, na mezani inaonekana ngoma droo. Wiki mbili baadaye mwenye sarafu anabadili mawazo. Anairudisha, anapewa 2,300, na kwa 35 kila moja anapata Morgan 65. Sarafu 35 zimeondoka bila mtu kumwibia. Pengo la bei limemkata mara mbili, alipouza na aliponunua.

Hapo ndipo mazungumzo yanapofanya kazi. Katika mabadilishano muuzaji anafaidika pande zote mbili, kwa hiyo ana nafasi ya kulegeza. Omba bei mbili kwa maandishi: pesa taslimu atakazolipa kwa Morgan zako kama hununui kitu, na pesa taslimu atakazotaka kwa 1799 kama huleti kitu. Kisha ndipo utaje mabadilishano. Akipandisha 28 kuwa 31, umehitaji Morgan 91 badala ya 100, na tisa zinabaki mfukoni. Asipotaka kutenganisha bei hizo mbili, ondoka.

Wakati nao una uzito, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Bei ya Morgan za kawaida inafuata bei ya fedha karibu siku ile ile. Bei ya dola ya 1799 inafuata mifuko ya wakusanyaji, na husogea polepole. Fedha ikipanda kutoka 30 hadi 50, madini ya Morgan moja yanakuwa dola 38.67. Morgan 60 zina thamani ya madini iliyokuwa ya Morgan 100. Fedha iliruka namna hiyo Januari 1980, Aprili 2011 na mwishoni mwa 2025. Anayetaka kuhama kutoka kwenye madini kwenda kwenye uhaba ahame nyakati kama hizo, wakati Morgan chache zinanunua kitu kile kile. Fedha ikiwa chini, mabadilishano yale yale ni kuuza mali kwa bei ya hasara. Weka hesabu yako kwa Morgan, si kwa dola tu: leo 1799 ni Morgan ngapi?

Kabla hujatoa rundo, lipekue. Geuza kila Morgan uangalie herufi ya kiwanda iliyo chini ya shada la majani upande wa tai: CC ni Carson City, S ni San Francisco, O ni New Orleans, na pasipo herufi ni Philadelphia. CC yoyote itoke kwenye rundo, hata ikiwa imechakaa. 1893 yenye S ilipigwa 100,000 tu, nayo hughushiwa sana kwa kubandika S. Zipo pia ambazo zikichakaa ni za kawaida, lakini zikiwa hazijatumika ni ghali mno, kama 1884-S na 1901 ya Philadelphia. Kutoa moja ya hizo kwa bei ya rundo kunafuta faida yote uliyoipigania.

Upande wa pili wa meza ndio wenye hatari kubwa zaidi, na hapa wanaopinga wako sahihi kuliko wanavyojua wenyewe. Dola nyingi za mwanzo zilitobolewa zivaliwe shingoni, zikazibwa baadaye, kisha nywele za sanamu au manyoya ya tai yakachongwa upya kuficha kiraka. Nyingine zilisuguliwa mpaka zikang'aa. Sarafu iliyochakaa hadi hali ya kati inatakiwa iwe na rangi ya kijivu isiyolingana, nyeusi zaidi kwenye mabonde kati ya herufi na nyota. Ikiwa nyeupe sawasawa kila mahali imeoshwa. Inamishe chini ya taa moja kali: kiraka huonyesha duara lenye rangi au umbile tofauti, mara nyingi karibu na ukingo juu ya kichwa.

Lakini usikatae mikwaruzo yote. Kiwandani kisahani kilichozidi uzito kilipigwa tupa kabla ya kupigwa chapa. Alama za tupa huwa sambamba, hukatizwa na michoro, na huonekana zaidi pembeni au pale chapa ilipokosa nguvu. Mkwaruzo wa baadaye unapita juu ya kila kitu na huinua kingo za chuma pande zake. Vilevile 1799 nyingi zilipigwa dhaifu kwenye kifua cha tai, kwa hiyo kifua kitupu peke yake hakithibitishi kwamba sarafu imechakaa. Linganisha na nywele zilizo juu ya paji la uso na maneno E PLURIBUS UNUM kwenye utepe.

Ikiwa sarafu haina kasha la plastiki la kampuni ya kukagua sarafu, ipime. Uzito usipungue mno gramu 26.96. Kuchakaa kunaondoa sehemu za gramu, na ikipungua gramu nzima kwenye hali ya kati tafuta sababu. Sumaku isiivute kabisa. Ukiitundika kwa uzi ndani ya kikombe cha maji kilicho juu ya mizani, isiguse chini, mizani iongezeke karibu gramu 2.6. Ukingo usomeke HUNDRED CENTS ONE DOLLAR OR UNIT, na mapambo katikati ya maneno. Ukingo wenye mistari kama wa Morgan ni bandia bila mjadala.

Sarafu ikiwa ndani ya kasha la PCGS au NGC, kampuni za kukagua sarafu, vipimo hivyo havifanyiki, na uhakika wako ni namba ya kasha. Ihakiki kwenye tovuti ya kampuni na ulinganishe picha, maana makasha nayo yanaghushiwa. Neno Details kwenye lebo linamaanisha sarafu ni halisi ila ina dosari. Sarafu hiyo huonekana rahisi siku ya kununua na huwa ngumu siku ya kuuza. Kwa mabadilishano ya mali nyingi namna hii, tunashauri usiipokee. Afadhali 1799 iliyochakaa zaidi lakini isiyoguswa. Akipenda, chongo huita kengeza, na dola yenye umri huu hupendeza hata ikiwa na kiraka.

Hoja ya kugawanyika nayo ina nguvu. Morgan mia zinauzika tano kwa dharura, kumi kwa ada ya shule. Dola ya 1799 inauzika yote au haiuziki. Mnunuzi wake ni mmoja kati ya wengi, na mnada unaweza kuchukua miezi. Kwa upande wa kutunza, rundo ni karibu kilo 2.7 za chuma, na hiyo moja inaingia kwenye bahasha.

Walio Marekani wana jambo la ziada. Tangu 2018 nafuu ya kodi ya kubadilishana mali kwa mali imebaki kwa ardhi na majengo tu, kwa hiyo kubadilisha sarafu kunahesabiwa kuwa kuuza. Morgan zilizonunuliwa kwa dola 1,200 miaka mingi nyuma zikitolewa kwa sarafu ya 2,800, faida ni 1,600, na kodi ya vitu vya kukusanya vilivyoshikwa zaidi ya mwaka inaweza kufika asilimia 28, yaani dola 448. Hizo hulipwa kwa pesa, ilhali hakuna pesa iliyopokelewa. Mali bila daftari hupotea bila habari: usipokuwa na risiti za zamani, huenda mamlaka ya kodi ikahesabu bei yote kuwa faida.

Kwa mwenye Morgan mia, kiasi kinachoonekana salama ni kutoa 60 au 70 za kawaida kabisa fedha ikiwa juu, kuongeza pesa taslimu zilizopungua, na kubakisha nyingine kwa dharura. Risiti iandikwe bei ya kila upande, namba ya kasha, na idhini ya kurudisha sarafu ndani ya siku saba ikiwa mtaalamu mwingine ataikataa. Morgan zihesabiwe mbele ya wote wawili, na zisitoke mkononi kabla risiti haijasainiwa.