Mimi Sikupuliza Filimbi

Wale mnaonitumia emoji za refa tangu Jumamosi, nisikieni na mimi. Rafiki yangu wa sauti ya nne ameshaisambaza kwenye grupu ya kwaya kwamba nilipuliza filimbi kanisani, siku ya harusi. Sikupuliza kitu. Nilibonyeza kodi tu. Ya muziki, noti kadhaa kwa pamoja, si ile ya kulipa KRA.

Kinanda tunachopigia hapa Kisumu kina droba, vile vipini tisa vya kuvuta. Kimoja ni cha mngurumo wa futi 16, kingine futi 8, mpaka kile chembamba cha futi 1, unachanganya kama viungo vya pilau. Kila kipini kina hatua 0 hadi 8: ukikivuta kije kwako sauti inapanda, ukikirudisha ndani kinanyamaza. Mimi mtoto wa miksa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Kwenye miksa, sauti hupanda ukisukuma. Bibi harusi alipotokea mlangoni, nikavisukuma vyote tisa mpaka vikagota. Nikajiona mtu.

Ngojeni, msicheke bado. Nilitaka vayolini zipite kwa chini, kwa hiyo niliazima kibodi nikaiunganisha kwa waya wa MIDI, ule wa vyombo kuambiana cha kupiga: MIDI OUT ya kinanda, MIDI IN ya kibodi. Waya huo haubebi sauti hata tone. Unabeba habari: noti 60 imebonyezwa, kwa nguvu kiasi hiki. Chaneli ziko 16, nami nikachagua 10, maana tangu shule ya msingi kumi kwa kumi ndiyo maksi. Kumbe chaneli ya 10 ni ya ngoma na vikorokoro vyake, kila noti chombo chake.

Kanisa zima limesimama. Mwalimu wa kwaya ananiinulia nyusi. Nashusha vidole taratibu, kwa heshima zote: C, E, G, na C ya juu. Kinanda, kimya. Kibodi, kupitia spika za DJ: C ya kati, bongo. E, konga. G, kengele ya agogo. Na ile C ya juu, noti 72, filimbi ndefu.

Priiiiii!

Mguu wa bibi harusi ulikuwa hewani. Ukabaki huko huko. Babake akatazama darini. Mimi nikadhani nimekosea kodi, nikakimbilia F. Wanamuziki mnajua F nayo ina C. Priiiiii ya pili! Mzee mmoja nyuma akasema, "Refa amemaliza mechi na bwana harusi hajagusa mpira!" Nami, kwa akili zangu timamu, nikazisukuma tena droba, labda hazijafika mwisho.

Mwalimu akaja, akachomoa waya, akavuta vipini vitatu vya kwanza hadi 8, kinanda kikanguruma, wakaoana, pilau ikaliwa. Mimi nilikula nyuma ya tenki la maji.

Jana shangazi wa bwana harusi kanipigia. Ana harusi Ahero mwezi ujao. Anauliza, "Mwanangu, ile ya filimbi ni bei gani?"

Nimemtajia.