Acheni kutuambia "kuwa makini", hiyo hesabu ya kuzidisha ichunguzwe na programu yenyewe

Juzi nilikuwa napitia kodi (maandishi ya programu, siyo ya TRA) ya dogo mmoja ninayefanya naye kazi, kaandika programu ya kupokea paketi, yaani vifurushi vya data vinavyotumwa kwenye mtandao, na ndani kuna mstari unasoma idadi kutoka kwenye paketi, unaizidisha kwa ukubwa wa kila kitu kimoja, halafu unaomba memori ya kiasi hicho. Nikamuuliza, mtu akituma bilioni moja je? Akanijibu, "Kaka, mteja gani atatuma bilioni?" Jibu hilo limenikaa kichwani mpaka leo, maana wakubwa kabisa wa hii fani walishateleza palepale.

Ilikuwa 2002, kwenye OpenSSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali, inayoandikwa na watu wa mfumo endeshi wa OpenBSD ambao kukagua kodi mstari kwa mstari ndiyo sifa yao, na kwenye tovuti yao walikuwa wanajivunia miaka mitano bila tundu la kuingilia kwa mbali kwenye mfumo ukiuacha kama ulivyosakinishwa. Sasa kuna njia ya kulogini ambapo seva inauliza maswali na mteja (programu ya anayetaka kuingia) anarudisha majibu, akitanguliza kusema yako mangapi. Seva inachukua idadi ile inazidisha kwa 4, kwa sababu kwenye mashine za biti 32 anwani moja ya memori inakula baiti 4. Piga hesabu na mimi: tuma 1,073,741,825. Mara 4 unapata 4,294,967,300. Lakini namba ya biti 32 inaishia 4,294,967,295, ikizidi hapo inarudi sifuri na kuanza upya, kwa hiyo kinachobaki mkononi ni 4. Baiti nne! Seva inaomba nafasi ya jibu moja tu, halafu luupu (kipande cha kodi kinachojirudia) ya kujaza majibu wala haiangalii ile 4, inafuata ile bilioni, inaandika la kwanza, la pili, la tatu, yanamwagikia kwenye memori ya vitu vingine, na yote haya mtu hata hajathibitishwa yeye ni nani. Ni kama shughuli ambayo jikoni wameambiwa mgeni mmoja na mlangoni wameambiwa bilioni.

Juni mwaka huohuo likatoka toleo la 3.4, majibu yakizidi 100 seva inakata mawasiliano. Yaani mstari mmoja wa kuuliza. Na yale maneno ya kwenye tovuti yakabidi yabadilishwe.

Kwa hiyo mimi sikubali kabisa mtu akisema dawa ni umakini, maana kama wale walipitwa basi mimi na dogo tutapitwa pia, tena siku ya kwanza. Kilichonifurahisha ni walichokuja kufanya wenyewe baadaye, 2014 OpenBSD wakaleta reallocarray, unaipa idadi na ukubwa kila kimoja peke yake, inazidisha yenyewe na hesabu ikifurika inakataa kukupa memori. Hapo huhitaji kukumbuka kitu.

Najua kuna wa kusema hamieni Rust, ile lugha ya programu inayolinda memori, yaishe. Rust itazuia kuandika nje ya nafasi, hilo nakubali na ni kubwa sana, lakini ukiijenga kwa rilizi (toleo la kwenda kwa watumiaji) bila kuwasha ukaguzi, hesabu ikifurika inazunguka kimyakimya vilevile. Na namba iliyozunguka haihitaji kuchafua memori ili ikuumize. Angalieni Linux, 2019, tatizo lililopewa jina SACK Panic na kugunduliwa na mtu wa Netflix: kihesabio cha vipande vya data vya TCP, utaratibu wa kusafirisha data kwenye mtandao, kilikuwa cha biti 16, mwisho 65,535, wakati mafungu 17 ya kilobaiti 32 yakikatwakatwa baiti 8 kwa 8 yanatoa vipande 69,632. Kerneli, yaani kiini cha Linux, inaona hesabu haziendani, inajizima, mashine chini. Na hilo lilikaa humo tangu kerneli 2.6.29 ya 2009, miaka kumi watu wanaendesha seva juu yake.

Dogo nimemrudishia kodi yake, nimemwambia atoe kuzidisha kote kwenye kuomba memori na aweke kikomo cha idadi kabla ya kitu kingine chochote. Kuzidisha ameshatoa, kikomo ndiyo bado tunabishana, yeye anataka 1,000 mimi nasema 64 inatosha.