Jodari wamerudi, lakini nani aliwarudisha?

Machi 2010 hapa Moshi gumzo lilikuwa pembe za ndovu. Tanzania ilikuwa imepeleka ombi Doha, Qatar, kwenye mkutano wa CITES, ule mkataba wa dunia unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ikitaka iruhusiwe kuuza akiba yake ya karibu tani 90 za pembe. Kwa mji unaokula jasho la utalii, na wenye Chuo cha Wanyamapori cha Mweka pale juu mlimani, hilo halikuwa jambo la mbali. Ombi likakataliwa. Kuna waliopumua na kuna waliokasirika.

Kura iliyotupita ni nyingine, iliyopigwa kwenye mkutano huohuo siku chache kabla. Monaco ilitaka jodari wa Atlantiki mwenye mapezi ya bluu aingizwe kwenye Kiambatisho cha Kwanza, yaani biashara yake ya kimataifa ipigwe marufuku kama ya pembe. Nchi 20 zilikubali, 68 zilikataa, 30 hazikuunga mkono upande wowote. Usiku wa kuamkia kura hiyo ubalozi wa Japani ulikuwa umewaandalia wajumbe tafrija, na miongoni mwa vyakula vilivyoandaliwa alikuwemo jodari huyohuyo.

Kwa waliopigania hifadhi, siku ile ilikuwa msiba. Lakini Septemba 2021 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilimtoa samaki huyu kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka na kumweka kundi la wasiotia wasiwasi. Marufuku haikuwahi kuja, na samaki karudi. Tangu hapo kuna hoja inayotolewa kwa kujiamini sana: Japani ilikuwa sahihi, mikataba ya marufuku haina kazi baharini, wavuvi waachiwe mambo yao. Nimeisikia hata kwa jirani yangu, mzee aliyestaafu kwenye uhifadhi baada ya miaka mingi porini. Ni hoja nzito na haifai kupuuzwa, ila inaruka sura nzima ya kisa hiki.

Kwanza samaki mwenyewe. Jodari huyu si yule wa mkebe tunayemnunua dukani. Anaweza kupita urefu wa mita 3. Mmoja aliyenaswa Nova Scotia, Kanada, mwaka 1979 alikuwa na kilo 679, uzito wa fahali aliyenona. Damu yake ina joto kuliko maji anamoogelea, ndiyo maana anamudu kuvuka Atlantiki nzima. Kundi la mashariki huzaliana Bahari ya Mediterania, la magharibi Ghuba ya Mexico, na huko kwenye mazalia hukusanyika kwa wingi, kila mwaka, majira yaleyale. Meli zenye nyavu za kuzungushia zikishajua mahali na majira, kazi inakuwa kama kuvuna shamba ambalo hukulilima. Sehemu kubwa ya samaki hao huhamishiwa kwenye vizimba baharini, wakanenepeshwa miezi kadhaa, kisha wakasafirishwa. Karibu asilimia 80 ya jodari hao walikuwa wakiishia Japani. Mwezi Januari 2019, kwenye mnada wa kwanza wa mwaka jijini Tokyo, samaki mmoja wa kilo 278 aliuzwa yeni milioni 333.6. Ni bei ya kutangaza jina la mnunuzi kuliko bei ya kitoweo, lakini inaeleza kwa nini mtu alikuwa tayari kuvunja sheria kwa ajili ya samaki.

Na sheria zilikuwepo. Tume ya jodari wa Atlantiki, ICCAT, imekuwepo tangu miaka ya 1960, makao yake Madrid. Inaundwa na nchi zilezile zinazovua. Mwaka 2007 wanasayansi wake walishauri uvuvi wa upande wa mashariki usizidi tani 15,000. Tume ikaruhusu 29,500. Halafu wanasayansi haohao wakakadiria kwamba kilichotolewa majini mwaka ule kilikuwa kama tani 61,000. Yaani ushauri ulizidishwa karibu mara mbili mezani, kisha huo uliozidishwa nao ukazidishwa mara mbili baharini. Mwaka 2008 jopo huru, lililoitwa na tume yenyewe, liliandika kwamba namna jodari huyu alivyosimamiwa inaonekana na wengi kuwa aibu ya kimataifa.

Hapo ndipo Monaco ilipoingia. Nawaelewa kabisa waliosema yatosha. Ukimkabidhi fisi bucha, akala, ukamwonya, akala tena, haitoshi kumpa nafasi ya tatu eti kwa sababu ndiye anayeijua nyama.

Upande wa pili nao ulikuwa na hoja, na sitaki kuipunguza. Japani na nchi nyingi zinazovua, zikiwemo za Afrika Kaskazini, zilisema samaki anayevuliwa kibiashara si kifaru. Ana mayai mamilioni, akiachiwa nafasi anarudi haraka, na chombo cha kumpangia mgao ni tume ya uvuvi. Walisema pia marufuku ikishawekwa kuitoa ni kazi, na kwamba mvuvi mdogo ndiye angefungiwa wakati mwenye meli kubwa akitafuta soko lingine. Hili la mwisho sisi wa kaskazini ya Tanzania tunalielewa. Bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini ya mji huu, limewahi kufungwa ili perege wapate kuzaliana, na aliyelala njaa hakuwa tajiri mwenye magari ya kusambaza samaki, alikuwa mwenye mtumbwi.

Tena sisi tuna ushahidi wetu kwamba marufuku peke yake haitoshi. Mwaka 1989 ni Tanzania yenyewe iliyopendekeza ndovu wa Afrika aingizwe Kiambatisho cha Kwanza, na ikashinda. Pamoja na hayo, kati ya 2009 na 2014, huku marufuku ikiendelea, ndovu wetu walishuka kutoka takriban 109,000 hadi 43,000. Mzee jirani yangu alikuwa akizirudia takwimu hizi kwa uchungu, kwa sababu baadhi ya mizoga aliihesabu kwa macho yake. Kwake yeye, mtu anayeamini kwamba karatasi ya CITES ingemwokoa samaki wa Mediterania hajawahi kushika doria.

Nilimuuliza swali moja tu. "Mzee, kwa nini hao fisi waliacha kula ghafla?"

Tazama tarehe. Novemba 2008, Marrakech, tume iliweka mgao wa tani 22,000, bado juu ya ushauri. Mwaka 2009 Monaco ikatangaza nia ya kwenda CITES. Novemba mwaka huohuo, mkutano wa Doha ukiwa mlangoni, tume ileile iliyokaidi kwa miaka ikashusha mgao hadi tani 13,500. Ukaja 12,900. Majira ya nyavu za kuzungushia yakabanwa hadi kama mwezi mmoja, meli zikapunguzwa, waangalizi wakapandishwa melini, hati za kumfuatilia samaki hadi sokoni zikakazwa. Mpango wa kumrejesha samaki ulikuwepo tangu 2006, lakini meno uliota baada ya tishio la marufuku.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: waliotaka marufuku walishindwa kura na wakafanikisha kazi. Waliosema tume inaweza, wamethibitika kwamba inaweza, lakini pale tu ilipoogopa kunyang'anywa. Anayewasifu wavuvi leo bila kutaja hofu ile anatusimulia nusu ya kisa, na nusu hiyo ni hatari kwa sababu inatufundisha kulegeza kamba mapema. Mgao wa mashariki umeshapandishwa hadi zaidi ya tani 40,000 kwa mwaka kuanzia 2023. Safari hii unafuata kanuni ya hesabu iliyokubaliwa kabla, na hilo ni jambo jema kweli. Lakini Oktoba 2018 polisi wa Ulaya walitangaza kukamatwa kwa watu 79 katika mtandao wa kuuza jodari wa magendo. Na kundi la Ghuba ya Mexico halijapona kama la mashariki. IUCN yenyewe ilisema hivyo siku ileile ya habari njema.

Kama bado kuna anayedhani nchi zinazovua hujirekebisha zenyewe, amtazame jodari wa kusini mwenye mapezi ya bluu, ndugu wa huyu wa Atlantiki, ambaye mazalia yake yamo Bahari ya Hindi, kusini ya Java. Mwaka 2006 ilibainika kuwa Japani ilikuwa imevua kupita mgao wake, ukakatwa karibu nusu, hadi tani 3,000. Kundi hilo lilishuka hadi kama asilimia 5 ya wingi wake wa asili kabla halijaanza kupanda polepole.

Hapo ndipo suala linapotugusa. Bahari ya Hindi tunayo sisi, na Tanzania ni mwanachama wa tume ya jodari ya bahari hiyo, yenye makao Shelisheli, tangu 2007. Tunakumbuka meli ya Tawariq 1 ya mwaka 2009, wale samaki wa Magufuli waliogawiwa shule na hospitali: karibu tani 300 kwenye meli moja iliyoshtakiwa kuvua bila kibali. Samaki anayetuhusu ni jodari wa mapezi ya njano, aliyetangazwa kuvuliwa kupita kiasi mwaka 2015. Februari 2023, pale Mombasa, tume ilipiga kura kusitisha kwa siku 72 kila mwaka matumizi ya maboya yanayowakusanya samaki wakiwemo wachanga. Umoja wa Ulaya, wenye meli nyingi kubwa kwenye bahari hii, ukaweka pingamizi. Wengine nao wakaweka, hadi uamuzi ukakosa nguvu. Kwa kanuni za tume hiyo, anayepinga hafungwi na uamuzi, na wapingaji wakizidi theluthi moja, hata waliokubali hawalazimiki kuutekeleza.

Nyumba ya Mungu ina serikali moja inayoweza kusema leo tunafunga. Bahari haina. Wanaosema mambo ya samaki yabaki kwenye tume za samaki wanaweza kuwa sahihi hata huku kwetu, na mimi sisemi jodari wa njano apelekwe CITES kesho. Ninachotaka ujumbe wetu uende nacho kwenye vikao vya tume ni pendekezo la kuifuta haki hiyo ya pingamizi, na utayari wa kusema hadharani kwamba isipofutwa, mlango wa CITES uko wazi. Nchi iliyomfikisha ndovu kwenye Kiambatisho cha Kwanza mwaka 1989 inaijua njia.