Uji wa Kiboko

Tangu Daraja la J.P. Magufuli, linalovuka Ziwa Victoria kati ya Kigongo na Busisi, lilipofunguliwa Juni 2025, ndugu zetu wa Sengerema hawana tena kisingizio cha foleni ya kivuko. Zamani ukiambiwa "tunakuja" ulikuwa na uhakika wa kupata muda wa kufagia, kwa kuwa mgeni angekwama Busisi akisubiri zamu ya kuvuka. Siku hizi zile kilomita 3 humalizika kabla hujarudishiwa chenji ya soda. Shangazi yangu, ambaye huamini kwamba simu ni ya kutangazia misiba tu, alifika kwangu Luchelele, Mwanza, Jumamosi asubuhi na mapema akiwa na kiroba cha michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, kuku hai mwenye hasira, na kitenge kilichokwisha kufungwa kiunoni tayari kwa kazi.

Jumamosi hiyo ilikuwa na wenyewe. Kikundi chetu cha bustani kilipanga kupandikiza miche ya sukuma wiki, kazi inayochosha mgongo kuliko mikono, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, nasi tumekaa nyuma ya mpaka huo tukibeba maji kwa ndoo huku ziwa zima likitutazama. Wakati huohuo nilikuwa nimeahidi kumalizia kichwa cha kiboko wa karatasi kwa ajili ya kikundi cha ngoma cha mpwa wangu, kilichojiandaa kwa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma kule Bujora, ambako Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yenye upinzani wa jadi, hugombea watazamaji, na mwenye kioja kikubwa ndiye huondoka na umati.

Kiboko wa namna hiyo hutengenezwa kwa waya, vipande vya magazeti na gundi ya unga wa muhogo. Unga hukorogwa kwanza katika maji ya baridi ili usifanye madonge, kisha humiminwa katika maji yanayochemka na kusongwa polepole mpaka uwe mzito na uanze kung'aa. Chumvi huzuia ukungu, na mimi huongeza karafuu zilizosagwa kwa sababu hiyohiyo. Niliiacha sufuria jikoni ikiwa imefunikwa, nikachukua jembe na kuondoka.

Mnamo saa nne shangazi alitokea kwenye kijia cha katikati ya mawe, sufuria kichwani, beseni la vikombe mkononi.

"Mwangaluka!" aliwaamkia, na wanakikundi, matope yakiwa yamewafika magotini, wakapokea vikombe kwa mikono miwili. Mimi niliitambua sufuria kabla ya kuutambua uji.

"Shangazi, huu umeutoa wapi?"

"Jikoni kwako. Ulisahau sukari, mwanangu, na chumvi ukaimwaga kama unakausha samaki. Nimeongeza maji, sukari na ndimu, umekaa sawa."

Nilipitia kichwani kila kilichokuwamo mle na kuridhika kwamba hakuna cha kumdhuru mtu, na hapo ndipo ujasiri wa kusema ukweli uliponiishia, hasa kwa kuwa mwenyekiti alikuwa amefumba macho na kutangaza kwamba uji wenye karafuu ni dalili ya malezi mema. Aliomba kikombe kingine. Mweka hazina, mtu ambaye hajawahi kusifia chochote kisicho na risiti, alikomba chake kwa kidole.

Mambo yangeishia hapo kama mpwa wangu asingeteremka mbio, mikono imejaa magazeti yaliyochanwa.

"Mjomba, gundi ya kiboko iko wapi? Sikio linadondoka!"

Vikombe vyote vilisimama hewani. Mwenyekiti alitazama chake, akamtazama kijana, akaniuliza kwa upole uliotisha, "Kiboko yupi?"

Ilinibidi nieleze yote: waya, magazeti, Bulabo, ukungu. Shangazi alisikiliza akiwa ameshika kiuno, kisha akawageukia wazee wenzake.

"Muhogo ni muhogo," alisema. "Huyu ndiye wa kuulizwa, anayewanyima watu chakula akakipaka magazeti."

Mwenyekiti alijipapasa tumbo, akalitazama tuta alilolimaliza peke yake, na akakiri kwamba kweli njaa hakuisikia. Katibu alifungua daftari pale pale. Muhtasari wa siku hiyo unasema kwamba shangazi ni mlezi wa kikundi, kwamba unga na karafuu za kila Jumamosi zitatoka kwangu, na kwamba suala la sikio la kiboko litashughulikiwa baada ya wanachama kushiba.