Tempo ya biti ianzie mdomoni kwa mchanaji

Kuna swali naulizwa sana na watu wanaoanza kutengeneza biti, "bro hip hop inatakiwa iwe BPM ngapi?", yani mapigo mangapi kwa dakika, na wengi wanataka niwape namba moja waende nayo. Namba zipo, sikatai, kila staili ya hip hop na yake, bum bapu mara nyingi inakaa 85 mpaka 95, trapu utaikuta 130 mpaka 150, drili inazungukia 140, na ukiziweka hizo kwenye programu yako utapata kitu kinachofanana na hiyo staili. Lakini mi naona hapo ndo tunaanzia pabaya. Tempo ya biti ya rap inatakiwa itoke mdomoni kwa anayechana, na kama anachana Kiswahili ndo kabisaa.

Chukua neno moja tu, "nimekusikiliza". Silabi saba hizo, ni-me-ku-si-ki-li-za, na zote lazima zitamkwe, hamna ya kumeza. Kiswahili kimejaa maneno ya hivi mana anayetenda, wakati na anayetendewa wote tunawabandika kwenye kitenzi kimoja. Sasa mchanaji akiweka silabi nne kwenye kila pigo, flo ya kawaida tu, hilo neno peke yake linakula karibu mapigo mawili, yani nusu ya baa yenye mapigo manne imeisha na bado hajasema alichosikiliza. Kwenye BPM 98 anatakiwa atoe silabi sita na nusu kila sekunde, kwenye 88 zinashuka chini kidogo ya sita. Ukiangalia kwa macho unaona tofauti ndogo ila muulize anayezitoa.

Mi nimejifunza kwa kuumia. Nlikuwa na biti ya 98, sampo ya piano, yani kipande cha sauti iliyorekodiwa, kiki, ile ngoma nzito ya chini, imekaa vizuri, naipenda kweli kweli. Jamaa nnayefanya nae kazi akaandika mistari 16 mizito, tukaingia kurekodi, na kila tukifika mstari wa sita hivi sauti inakata. Tumerudia zaidi ya mara kumi. Alikuwa anakimbilia mwisho wa mistari, anameza irabu, maneno mazuri kabisa yanatoka kama mtu anasoma tangazo na muda umemuishia, na mi nikawa namwambia afanye mazoezi ya pumzi. Mwishoni nikazima biti, nikamwambia aichane kavu, bila muziki, kama anamsimulia mtu aliyekaa mbele yake, mi nikawa nagonga kidole kwenye kile kitufe cha kuhesabu tempo. Ikasoma 87. Mtu alikuwa ameandika wimbo wa 87 nikamlazimisha aimbe 98 mana mi niliipenda 98.

Nikashusha hadi 88 na vesi ikatoka mara ya pili tu. Mistari 16, kila mmoja baa moja, kwenye 98 inachukua sekunde 39, kwenye 88 inakaribia 44, ni hizo sekunde nne na kitu ndo zilikuwa zinamnyima pumzi. Ila nlilipia uzembe wangu, mana ngoma na besi za MIDI, yani noti ambazo programu inazipiga yenyewe, zinafuata tempo zenyewe bila shida, sampo ya piano ilikuwa ni sauti tayari, nimeikata kwa 98, programu ilipoinyoosha mikia ya kodi, zile noti za piano zinazopigwa pamoja, ikaanza kutetemeka kama maji. Ikabidi niirudie kuikata yote upya, usiku mzima. Kwa hiyo tafuta tempo kabla hujakata sampo tafadhali.

Kuna na jambo la mkazo. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, na snea ya hip hop, ile ngoma yenye mlio mkali, inapiga pigo la pili na la nne. Mchanaji mzuri anatega hivyo viwili vikutane. Kwenye "nimekusikiliza" mkazo uko kwenye "li", silabi ya sita, akitaka "li" ipigwe na snea ya pigo la pili inabidi aanze robo ya pigo kabla ya baa kuingia. Hiyo robo ya pigo kwenye 88 ni milisekunde 170, anaweza kuisikia, kuisubiri na kuingia. Ukimpeleka 110 inabaki 136, na hapo wengi wanaacha kutega wanaanza kukimbiza tu.

Mtu ataniambia mbona trapu ni 140 na watu wanachana freshi. Ndio, lakini sikiliza snea iko wapi. Inapiga pigo la tatu tu, mara moja kwa baa, kwa hiyo mwili unaihesabu kama 70, kichwa kinatikisika kwa 70, na mchanaji anaishi kwenye hiyo 70. Maprodyuza wanaandika 140 mana gridi inakuwa laini zaidi kwa kuchora zile hai-hati, matoazi madogo, zinazokimbia, sio kwamba wimbo una haraka. Silabi nne kwa kila pigo la 70 ni chini ya tano kwa sekunde, raha tupu kwa Kiswahili, na akitaka kuwasha moto anapanda kwenye sita kwa pigo, ile flo ya tatu tatu, anafika saba kwa sekunde halafu anarudi. Ana pa kwenda na pa kurudia.

Ninapopaogopa ni katikati, 105 mpaka 120. Ukihesabu kawaida inaanza kuvutia kwenye dansi, ukiikata nusu inakuwa 55 na kitu na inaburuza. Rap imewahi kuishi huko, rekodi za mwanzo za mwaka 1979 zilikuwa juu ya midundo ya disko inayotembea 110 hivi, ila uandishi wake ulikuwa mwepesi, wa kuchangamsha sherehe. Ukiandika vina vya ndani kila nusu mstari, huko utapata tabu.

Na tempo haijawahi kuwa ladha tu, mashine nazo zilikuwa na usemi. SP-1200, mashine ya kusampo, ilipotoka 1987 ilikuwa na sekunde kama 10 tu za kusampo, watu wakawa wanacheza sahani ya santuri ya mizunguko 33 kwa spidi ya 45 ili iingie, halafu wanaishusha ndani ya mashine, na ule ukwaruzo tunaoupenda ulizaliwa hapo. DJ Screw kule Houston, Marekani, alishusha spidi ya nyimbo nzima mpaka sauti za watu zikawa nzito, na huo uzito ukawa muziki wa mji wake. Prodyuza J Dilla nae alionyesha kwamba hata namba isipobadilika, ukisogeza snea mbele kidogo au kiki nyuma kidogo biti inahisi tofauti kabisa. Ndo mana kabla sijagusa BPM huwa najaribu suwingi kwanza, yani kuchelewesha kidogo baadhi ya mapigo, mara nyingi mtu anayelalamika biti inakimbia, kinachomsumbua ni hai-hati zilizonyooka kama rula.

Angalia na 808 yako, ile kiki yenye besi nzito. Mkia wake ni mrefu, kwenye 75 una nafasi ya kuvuma, ukiweka kiki za karibu karibu kwenye 150 kila moja inaingia ya mwenzake haijaisha, chini panakuwa uji. Fupisha mkia.

Kwa biti za kuuza ambazo hujui nani atachana, mi huwa najirekodi mwenyewe kwenye simu, mistari minne ya ovyo yenye maneno marefu marefu, nikiwa nimesimama, natembea chumbani. Nikifika mwisho wa mstari wa nne bila kuvuta hewa kwa nguvu naiacha. Nikivuta, nashusha BPM mbili, narudia.