Tunakiri Imani Moja, Meza Bado Mbili

Mwaka jana tulimzika mzee wa ukoo wetu huko Meru. Ibada iliongozwa na mchungaji wa Methodisti, lakini karibu nusu ya waombolezaji walikuwa Wakatoliki, maana shangazi yangu ameolewa upande huo na siku ile hakuja peke yake. Ilipofika Sala ya Bwana tukaanza pamoja, "Baba yetu uliye mbinguni", kisha sauti zikagawanyika. Sisi tukasema "ufalme wako uje", wao "ufalme wako ufike". Sisi "mapenzi yako yatimizwe", wao "utakalo lifanyike". Tukaomba riziki, wakaomba mkate wa kila siku. Wao wakafika Amina, sisi tukaendelea na "kwa kuwa ufalme ni wako", nao wakatungoja kimya, vichwa vimeinama, mpaka tukamaliza.

Hakuna aliyekerwa. Lakini kabla ya hapo shangazi alikuwa ametutembelea Jumapili ya Meza ya Bwana. Watu walipoinuka kwenda mbele, yeye alibaki kwenye benchi, mkoba magotini, akisogeza miguu ili wengine wapite. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuja mezani. Akanijibu, "Mwanangu, Yesu ni yule yule. Ila mimi sijaruhusiwa."

Jibu hilo lina sehemu mbili, na ninaamini zote mbili zinastahili kupimwa kwa uzito sawa. Wapo wanaoishia ya kwanza: tunaamini mamoja, haya mengine ni mambo ya wachungaji. Wapo wanaoishia ya pili: kama hatuli pamoja, basi hatuamini mamoja, tusidanganyane.

Niseme kwanza lililo letu sote, kwa sababu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Methodisti, Mkatoliki, Mwanglikana, Mlutheri na Mpresbiteri wanakiri Mungu mmoja katika nafsi tatu, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Wanakiri kwamba Yesu Kristo ni Mungu kweli na mtu kweli, kwamba alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akafufuka siku ya tatu, na atarudi kuwahukumu walio hai na wafu. Wanayasoma Maandiko kama neno la Mungu, ingawa Wakatoliki wana vitabu zaidi katika Agano la Kale. Wanabatiza kwa maji kwa jina la Utatu, watoto wachanga wakiwemo. Katika kanuni ya imani mmoja huanza na "Nasadiki", mwingine na "Namwamini", lakini imani waliyoirithi kutoka mkutano wa maaskofu wa Nikea mwaka 325 ni hiyo hiyo. Waorthodoksi nao wanaikiri, ila hawasemi kwamba Roho hutoka kwa Baba "na Mwana", maneno yaliyoongezwa baadaye huko Magharibi.

Hata pale palipowaka moto karne ya 16, juu ya jinsi mwenye dhambi anavyohesabiwa haki mbele za Mungu, moto umepungua sana. Mwaka 1999 Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja mjini Augsburg, kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa mastahili yetu. Mwaka 2006, mjini Seoul, Baraza la Methodisti Duniani nalo likaliunga mkono. Kwa watu waliowahi kuhukumiana kuwa wamepotoka katika jambo hilo hilo, hatua hiyo si ndogo.

Kwetu Afrika Mashariki ushirika huo ni wa siku nyingi. Thomas Wakefield na wenzake walipofika pwani mwaka 1862 kuanzisha misheni ya Kimethodisti huko Ribe, aliyewaleta na kuwatafutia mahali alikuwa Johann Ludwig Krapf. Krapf alikuwa Mlutheri kutoka Ujerumani, na alikuwa amefanya kazi Rabai chini ya CMS, chama cha Waanglikana wa Uingereza. Mlutheri aliyewahi kutumwa na Waanglikana akawashika Wamethodisti mkono na kuwapandisha vilima vya nyuma ya Mombasa. Sidhani aliona anasaidia dini nyingine.

Basi kwa nini meza mbili? Kwa swali hili mtu hawezi kulikwepa jina la Kikuyu. Mwezi wa Juni 1913 wamisionari wa makanisa mbalimbali walikutana Thogoto, eneo la Kikuyu, kwenye misheni ya Kanisa la Scotland. Walikuwemo Waanglikana wa CMS, Wapresbiteri, Wamethodisti na watu wa Africa Inland Mission. Walipanga shirikisho, na msingi wake ulikuwa huu huu ninaoueleza: Maandiko kama kanuni kuu, Imani ya Mitume na ya Nikea, uungu wa Kristo, na kifo chake kama msingi wa msamaha. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliadhimisha Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na wasio Waanglikana wakashiriki.

Habari zilipofika Zanzibar, Askofu Frank Weston wa UMCA, chama kingine cha misheni cha Waanglikana, aliwaka. Aliwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akitaka wahukumiwe kwa uzushi na kulifarakanisha Kanisa.

Ni rahisi leo kumwona Weston kama mtu wa roho ngumu. Nami nilimwona hivyo kwa muda mrefu. Lakini hoja yake haikuwa ya kitoto. Aliuliza: Kanisa likiwa limepokea kutoka kwa mitume si maneno ya imani peke yake, bali pia watu waliowekewa mikono kuyalinda, je, tunaweza kushika maneno tukasema mikono haina haja? Mkristo wa Mombasa akiambiwa kwamba askofu ni lazima, na wa Thogoto akiambiwa si lazima, kisha wote wakala pamoja bila kuulizana, ni nani kati yao aliyefundishwa kweli? Aliogopa umoja unaopatikana kwa kunyamazia maswali.

Na swali hilo linamgusa Methodisti moja kwa moja. Mwaka 1784, Marekani ikiwa imejitenga na Uingereza na Wamethodisti wa huko wakikosa wa kuwabatizia na kuwapa Meza ya Bwana, John Wesley, mwanzilishi wa Methodisti, ambaye alikuwa kasisi tu na si askofu, aliwaweka wakfu watu mwenyewe huko Bristol, akamtuma Thomas Coke kuwa msimamizi. Charles, ndugu yake wa damu, hakukubaliana naye hata kidogo. Wesley alisoma historia ya Kanisa la kwanza na kushawishika kwamba kasisi na askofu ni daraja moja kwa asili. Mkatoliki hasemi hivyo, wala Mwanglikana wa aina ya Weston. Kwa hiyo shangazi anapobaki kwenye benchi, kanisa lake halimwambii kwamba sisi hatumwamini Kristo. Linauliza ni nani aliyemtuma mchungaji wetu kuumega mkate ule, na kama tunakiri yale yale wanayokiri wao kuhusu uwepo wa Kristo mezani.

Mwaka huo huo wa 1784 Wesley aliwapunguzia Wamarekani Vifungu 39 vya imani vya Kanisa la Uingereza vikabaki 24, nao wakaongeza kimoja. Kati ya alivyoviacha kimo kile cha kuteuliwa tangu milele, ambacho hakukipenda, na kile kinachotaja zile kanuni za kale za imani. Wengine husema hapo ndipo Methodisti alipolegeza kamba. Sikubali. Vifungu vya Utatu, vya Kristo aliye Mungu na mtu, na vya ufufuo alivibakiza. Katika mahubiri yake juu ya 2 Wafalme 10:15, Yehu anapomwomba Yehonadabu mkono, Wesley alisihi kwamba tofauti za ibada zisizuie upendo, lakini alionya papo hapo kwamba asiyejua anaamini nini hana moyo mpana, ana akili iliyovurugika tu. Hakumwachia mtu nafasi ya kusema kwamba imani zote ni sawa.

Hukumu yangu ni kwamba Weston aliuliza swali sahihi na akatoa adhabu isiyo sahihi. Neno uzushi ni zito, ni la watu waliomkana Mwana. Wale wa Thogoto walimkiri kwa maneno ya Nikea yenyewe. Ukiwaita wazushi, unakuwa umeipa namna ya kumweka askofu uzito ule ule wa ufufuo wa Kristo. Naona Weston mwenyewe alisogea: mwaka 1918 alihudhuria mkutano wa pili wa Kikuyu akiwa na pendekezo lake, na mwaka 1920 alikuwa Lambeth, Uingereza, maaskofu wa Kianglikana walipotoa wito wa umoja kwa Wakristo wote.

Shirikisho la Kikuyu halikuwa kanisa moja, lakini halikufa tasa. Muungano wa misheni wa 1918 ndio uliozaa shule ya Alliance mwaka 1926. Tangu 1955 chuo cha St. Paul's, Limuru, kimekuwa cha Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti pamoja, wachungaji wao wakisoma darasa moja. Mazungumzo ya miaka ya 1960 ya kuunganisha makanisa ya Kiprotestanti Afrika Mashariki ndiyo yaliyokwama.

Kwa hiyo nawasihi viongozi wetu, wa pande zote, waanzie kwenye ubatizo. Kanisa Katoliki linautambua ubatizo wa Methodisti. Shangazi hakubatizwa mara ya pili alipoolewa. Sheria ya Kanisa hilo inaruhusu hata Mprotestanti aliye katika hatari ya kufa, asiyeweza kumpata mchungaji wake, apewe Ekaristi akiiomba mwenyewe na akiwa na imani ile ile juu yake. Mlango huo ni mwembamba, lakini upo, na umefunguliwa kwa sababu ya ubatizo. Kama unafunguka kitandani pa anayekufa, maaskofu wetu wakae pamoja wazungumze kuhusu walio hai: mke na mume waliobatizwa katika jina moja, wanaoamka asubuhi nyumba moja, na Jumapili saa tatu wanaachana kwenye njia panda, mmoja akienda kulia na mwingine kushoto, watoto wakiulizana wamfuate nani.