Miradi ya Wanachuo Isiishie Stoo

Katika vyuo vya kiufundi vya Nairobi, kuanzia Kabete hadi Riruta, utafiti hufanywa kila mwaka. Mwanafunzi wa stashahada huandika mradi, akaupiga chapa sayiba, akaubaindi na kuukabidhi, kisha akatuzwa alama. Baada ya hapo ripoti inatiwa katoni, nayo katoni inapelekwa stoo. Mimi ni mkufunzi katika chuo kimojawapo, na naamini desturi hii inatunyima mengi. Vyuo vyetu vichapishe kazi za wanafunzi wao, kwa majina yao, mahali ambapo yeyote anaweza kuzisoma bila kulipa.

Nitoe mfano. Mwanafunzi mmoja wa uhandisi wa umeme aliamua kupima volti katika karakana za Kariobangi Light Industries. Umeme wa kawaida hapa kwetu unatakiwa uwe karibu volti 240. Alikuta kwamba mashine kadhaa za kuchomelea zikiwashwa pamoja kwenye laini moja, volti hushuka sana, hasa alasiri, na kompresa ya jirani ndiyo inayoumia. Mota yake huvuta mkondo mkubwa zaidi, hupata moto, na mwishowe nyaya za ndani huungua. Mafundi walikuwa wakilaumu kompresa zenyewe, wakidhani wameuziwa feki. Yeye alichora nyaya zilivyopita, akaonyesha pale ambapo waya mwembamba ulibebeshwa mzigo wa karakana nyingi, akaeleza ni waya wa unene gani ungefaa. Nimesoma makala za kitaalamu ambazo hazina nusu ya manufaa hayo. Lakini ripoti ile ilisomwa nami na mtahini, basi. Fundi aliyeacha kazi yake kujibu maswali hajawahi kuiona.

Kuchapisha hubadilisha hata namna ya kuandika. Anayemwandikia mtahini peke yake hujaza kurasa. Sura ya pili, ile ya mapitio ya maandishi, huwa imejaa aya zilizookotwa mtandaoni, kwa sababu waliomtangulia walifanya vivyo hivyo na wakapita. Akijua kwamba mwajiri wake wa kesho ataisoma, na fundi wa Gikomba pia, maswali yanabadilika. Je, nilipima sawasawa? Mchoro huu unaeleweka bila mimi kuwepo? Nimeona wanafunzi wakirudi karakana kupima upya kwa hiari yao baada ya kuambiwa tu kwamba kazi zao zitabandikwa ukutani kwenye korido ya idara.

Halafu kuna biashara ya miradi iliyoandikwa tayari, ambayo kila mkufunzi wa mji huu anaijua. Inastawi kwa sababu kazi za nyuma zimefichwa, hivyo ripoti ileile inaweza kuuzwa chuo hiki mwaka huu na chuo kingine mwaka ujao. Zikiwa hadharani, yeyote mwenye simu ataigundua nakala.

Baadhi ya wenzangu husema kazi hizi ni changa mno kutolewa hadharani. Sikubali. Makerere walianzisha jarida la wanafunzi, Penpoint, mwaka wa 1958, na Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha humo baadhi ya hadithi zake za mwanzo akiwa bado masomoni. Hakuna aliyewaambia vijana wale wasubiri wakomae kwanza. Kwa nini mwanafunzi wa fasihi apewe nafasi hiyo, na wa ufundi wa mabomba anyimwe? Nadhani jibu ni la zamani. Chuo cha Kabete kilianza mwaka wa 1924 kama kituo cha serikali ya kikoloni cha kuwafunza Waafrika kazi za mikono, na bado tunaishi na fikra kwamba mikono ndiyo yote anayodaiwa fundi. Inaniuma kuisikia fikra hiyo kutoka kwa wakufunzi.

Gharama si kikwazo kikubwa. Programu ya Open Journal Systems hutolewa bure, na vyuo vikuu vingi duniani huitumia kuendeshea majarida. Kazi ngumu ni uhariri, nao ni somo lenyewe: wanafunzi wasomeane, wakosoane, warudishiane. Nakala chache zichapwe kwenye karatasi na kupelekwa Maktaba ya McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, ambako watoto wa mitaa hiyo huenda kusoma. Kila ripoti pia iwe na ukurasa mmoja au kurasa mbili za Kiswahili chepesi, zenye matokeo na michoro, ili fundi aisome kwenye simu wakati wa chai. Bila ukurasa huo tutakuwa tumewaandikia wasomi wenzetu tena.

Yapo ya kuchunga. Hakimiliki ni ya mwandishi, kwa hiyo chuo hakina ruhusa ya kuchapisha kwa sababu tu kilimtahini. Mwenye uvumbuzi ashauriwe kwanza kuhusu hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi wake, maana kuutangaza mapema kunaweza kumnyima haki hiyo. Majina na simu za waliohojiwa yaondolewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuwekwa kwa ajili ya mabenki peke yake.

Kwa wakuu wa vyuo nina ombi moja: saa. Mkufunzi anayesimamia uhariri apunguziwe vipindi, na kazi hiyo ihesabiwe anapopimwa utendaji wake, la sivyo itafanywa usiku na mtu aliyechoka na jarida litakufa baada ya toleo la pili. Na fomu ya ridhaa ijazwe siku ileile mradi unapokabidhiwa, kabla mwanafunzi hajaondoka kwenda kutafuta kazi Mombasa au Ghuba na namba yake ya simu ikabadilika.